Pacha Wawili, Presha ya Mmoja

Pacha wangu, wa kike na wa kiume, walikuwa wanene tangu wakitambaa, na mimi nilitembea nao kifua mbele. Ninaoka keki za harusi na kipaimara hapa Lushoto mjini, na kila keki lazima ikatwe kingo ili ikae sawa. Kingo zile hazikuwahi kufika kwenye pipa la taka. Bibi yao, mama wa mume wangu, akishuka kutoka Lukozi huwashika mashavu na kusema, "Hawa ndio watoto. Wa jirani ni vijiti vya maharage."

Walipotimiza miaka kumi na miwili, mwalimu wa michezo aliniita. Akaniambia kwa upole kwamba wakipanda kilima cha shule wanapumzika kila kona, ingefaa wapimwe. Nikawapeleka hospitali. Bibi yao alifuatana nasi, kwa sababu hakuamini kwamba mtoto aliyeshiba anaweza kuumwa.

Daktari, mama wa makamo mwenye subira, aliwapima presha, akaagiza vipimo vya damu, kisha akatuita kwa majibu.

"Wamezaliwa siku moja, wanakula chungu kimoja," nilimwambia. "Bila shaka majibu ni mamoja."

"Hapana, mama."

Presha ya kijana ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa kwa umri wake, na mafuta kwenye damu pia. Presha ya binti ilikuwa nzuri, ila mwili wake ulikuwa unatoa insulini nyingi mno ili kuizuia sukari isipande.

"Wavulana wanene mara nyingi tunawakuta na presha mapema," akaeleza. "Wasichana, hasa wakianza kupevuka, insulini ndiyo hutangulia kuelemewa. Si kila mtoto, ndiyo maana nampima kila mmoja kivyake."

Pacha wakatazamana.

"Kwa hiyo nani mgonjwa zaidi?" akauliza kijana.

"Wewe," akasema dada yake. "Presha yangu nzuri."

"Na mimi insulini yangu haijachoka."

Wakabishana pale pale kama waliopewa matokeo ya mtihani. Nilikuwa nataka kulia, nikajikuta nacheka.

Bibi hakucheka. Alikunja mkono wa gauni. "Hiyo mashine inasema uongo. Nipime mimi."

Bibi ni mwembamba kama mpini wa jembe. Daktari akampima kwa heshima zote, akamwambia presha yake ni nzuri sana.

"Sasa imesema kweli," akasema Bibi.

Daktari aligeukia dirishani kidogo kuficha kicheko. Alipotugeukia tena alimuuliza, "Bibi, kwani wewe unaishije?"

"Nalima. Napanda, nashuka. Nakula makande na mshunga."

Mshunga ni mboga yetu chungu, na pacha walikunja nyuso kwa kuisikia tu.

"Basi likizo wakakae kwako," akasema daktari. Bibi aliingia pale kugombana na daktari, akatoka amekuwa msaidizi wake.

Likizo ilipofika, simu hazikukoma. Kijana alilalamika kwamba anabebeshwa kabichi kama punda. Binti alisema, "Mama, nikikunja uso Bibi ananiongezea mshunga." Nami huku nyumbani nilizipeleka kingo za keki kwa mafundi seremala wa jirani. Baada ya muda sketi zangu zikaanza kunipwaya, ndipo nikajua ni nani mwingine aliyekuwa akizila.

Tuliporudi kupima, presha ya kijana ilikuwa imeshuka hata kabla ya tumbo lake. Binti alikuwa amepungua zaidi ya kaka yake, lakini insulini yake ilikuwa imeshuka kidogo tu. Alilia kwenye korido.

"Mshunga nimekula mimi," alisema. "Yeye alikuwa anampa mbuzi."

Daktari alitoka, akaketi naye kwenye benchi. Akamwambia mwili wake uko katikati ya kubadilika, asijilinganishe na kaka yake. Kijana alisimama pembeni, kwa mara ya kwanza hana la kujisifia.

"Kesho twende wote uwanjani kwa miguu," akamwambia.

Wakaenda, na kesho yake tena. Binti akajiunga na timu ya mpira wa pete, na vipimo vyake vya karibuni vimempendeza daktari. Kaka yake amejipa cheo cha kocha. Mechi ikiisha, mwenye kuhema zaidi ni yeye, kwa kupiga kelele.