Neno la Mwaka Nililomsomea Mama

Januari ya kwetu Umatengo inanuka makoti. Makoti mazito ya mitumba, yaliyoanza kumiminika soko la Mbinga miaka ile ya biashara huria, yakanyeshewa njiani, kisha yakaanza kukauka kwa joto la miili ya watu waliobanana sebuleni kwa mwenyekiti wa jumuiya. Changanya na moshi wa kuni na viatu vyenye tope, hapo ndipo mwaka wetu mpya ulipoanzia. Nje mvua, mahindi yakichipua kwenye kingo za ngolo, yale mashimo tunayolimia milimani. Ndani sisi, tukilingoja kapu la Mzee Katekista.

Ndani ya kapu mlikuwa na vikaratasi alivyoviandika kwa mkono wake, kila kimoja na mstari mmoja wa Maandiko. Kila nyumba ilichota kimoja, kikasomwa mbele ya wote, na hilo ndilo likawa Neno la nyumba hiyo mwaka mzima. Haukuwa mchezo! Watu waliamulia mambo yao kwa Neno: kuposa, kuhama, kupatana na jirani. Asiyejua kusoma alisomewa na mwanawe. Mama yangu hakujua kusoma, na mimi Agripina, darasa la nne, nilijiona msomi kuliko padri.

Mwaka huo mama alikuwa njia panda. Kahawa ilikuwa imetuangusha. Ushirika ulilegea, wanunuzi binafsi wakawa wanakuja wanapojisikia, na baba akateremka ziwani Lituhi kuchuuza dagaa. Tangu Oktoba hatukupata hata salamu. Wenye midomo wakasema amepata mwanamke huko. Kisha, siku mbili baada ya Krismasi, mjomba akafika kwa miguu kutoka Kingerikiti: bibi mzaa mama anaumwa, hainuki, anamwita binti yake. Na binti alikuwa huyo mmoja tu. "Dada, funga nyumba twende," mjomba akasema. Mama akajibu, "Ngoja nisikie Neno kwanza." Mimi niliogopa jambo moja tu, kwamba baba atarudi, akute mlango umefungwa, ageuze asirudi tena. Bibi sikumfikiria hata kidogo. Mtoto ana ubinafsi wake, tusidanganyane.

Zamu yetu ilipofika nikachota, nikafungua. Ilikuwa ile habari ya Abrahamu kuambiwa aondoke kwake, aende atakakoonyeshwa. Maandishi makubwa, wino wa buluu, huwezi kusema hukuyaona. Nikainua macho nikamwona mama ameshika rozari kwa mikono miwili, nami nikasoma kwa sauti ya shuleni kitu ambacho hakikuwepo: kwamba wanaomngojea Bwana hawataaibishwa. Tulikuwa tumeyakariri hayo kwenye mafundisho ya Komunyo, yakatoka bila kukwama. Watu wakaitikia amina. Mama akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Subira huvuta heri, kaka," akamwambia mjomba. "Nitakuja baba Agripina akirudi." Mjomba akaondoka peke yake, hata chakula hakugusa. Kikaratasi nikakitia motoni jikoni jioni ile ile.

Bibi akafa Februari. Mama aliwahi mazishi tu. Baba akarudi Machi, amekonda, ananuka dagaa, hana mwanamke wala maelezo. Na mama, ambaye imani yake ilikuwa imepoa tangu mambo ya kahawa yaharibike, akasimama jumuiyani akashuhudia huku machozi yanamtiririka: Neno limetimia! Toka siku hiyo hakukosa ibada, na wanyonge wote wa kijiji walikuja kwake kutiwa moyo. Nami nililia, wakadhani ni furaha. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka thelathini na ushee.

Siku hizi Neno la Mwaka linakuja kwa simu, limepambwa kwa picha ya mawaridi, nami hulifuta bila kusoma. Januari iliyopita nilikuwa nyumbani, mama akaanza tena kuwasimulia wajukuu jinsi Mungu alivyomwambia angoje. Nikashindwa. Nikawatoa watoto nje, nikamweleza yote. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliweka kikombe chake cha chai chini, akasema, "Kwa hiyo Mungu aliniambia niende kwa mama."

Asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani, akaniambia niite bodaboda mbili. Zamani Kingerikiti ilikuwa mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Safari hii hata saa mbili hazikuisha. Kaburini akapiga magoti kwenye majani mabichi. "Shikamoo, mama," akasema. "Nimekuja kuitika." Akanigeukia.

"Na wewe mwambie."