Nilifuata Begi la Ndege Koboko

Nilitoka nyumbani Adumi kwa sababu fundi wa Koboko alikuwa ameniambia kwa simu "kesho" mpaka neno lenyewe likachakaa kama kamba ya mbuzi. Alikuwa na begi letu la ndege, lile la mgongoni, na mjukuu wangu Candiru alikuwa anaondoka Jumatatu kwenda Lira kusomea unesi. Bila begi lile? Haiwezekani.

Kwa wasiolijua: kila tukivuna ufuta, nashona ndege mmoja juu yake kwa vipande vya vitenge vikuukuu. Kanga yupo, bundi yupo, korongo mwenye taji yupo. Wa kwanza kabisa ni kuku, na huyo alishonwa na Candiru mwenyewe alipokuwa hana meno ya mbele. Miguu yote upande mmoja, mkia shingoni. Kitambaa chake kilikatwa kwenye gauni la marehemu mama yake. Begi lote lilianzia kwa kuku huyo. Basi zipu ikafa. Arua nikapata zipu za suruali tu, nikampa jirani begi alipeleke Koboko.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi Arua. Kijana akaniuliza, "Mama, Koboko unaenda kuuza nini?"

"Hasira."

"Iko bei gani?"

"Ongeza mwendo, utapewa bure."

Arua mjini nikaona gari limejaa, nikafurahi. Nilipokaa tu, wenzangu wote wakashuka! Kumbe ni vijana wa stendi, wanakalia viti ili sisi wajinga tudhani gari linaondoka. Tulikaa hapo mpaka jua likawa kali.

Baada ya Maracha mambo yalitulia. Mihogo imeanikwa juu ya majabali, myeupe kama nguo za ubatizo. Mimi nilikuwa naipanga midomoni hotuba ya kumpa fundi.

Koboko, sokoni, nilimkuta chini ya turubai lake. Ni Mkongo wa Ariwara, mtu wa tabasamu. "Karibu, Koko!" Ndivyo kwao wanavyomwita bibi; kwetu ni Dede. "Begi yako iko tayari. Ona zipu!"

Zipu ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Kisha akaligeuza begi.

"Na ile kuku nilitengeneza. Mutu gani alikuharibia begi muzuri hivi? Nilifumua yote, nikashona mupya na kitambaa ileile."

Kuku alikuwa amesimama wima, mguu huku, mguu huku, mkia nyuma. Nilitaka kumng'ata yule mtu.

"Rudisha," nikamwambia.

"Nirudishe nini, Koko?"

"Ubaya wake! Ulikuwa na mwenyewe."

Nikamweleza habari ya gauni. Maskini, uso ulimwanguka. Alifumua, akashona tena miguu upande mmoja, lakini mishono ilijipanga kama askari wa gwaride. "Mukono inakataa," akasema. Nikamnyang'anya sindano. Mshono wangu ukawa mbaya zaidi, maana ulipinda kwa makusudi, kama mtu anayejifanya amelewa.

Mke wake alileta ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, akamtazama kuku, akacheka. "Hii inaigiza tu." Nilikula. Hasira haishibishi.

Nikafumua kila kitu, nikakifunga kitambaa kwenye leso, nikashika njia ya kurudi nimelikumbatia begi kifuani.

Jioni, nyumbani, Candiru aliona pale peupe. "Dede, kuku wangu yuko wapi?"

Nilimwambia yote. Hakulia. Alikinusa kile kitambaa, na mimi nikatazama pembeni. Kisha nikampa sindano. "Shona mwenyewe. Wewe ndiwe mama yake."

Akainama na ulimi nje, kama zamani. Mimi nikaenda kusonga ugali.

Nimejifunza kwamba fundi hodari usimpe kitu kabla hujamwonyesha asipopaswa kugusa, na kwamba gari lililojaa Arua huenda ni tupu. La tatu nilijifunza Candiru aliponiletea begi, uso unang'aa.

"Tazama, Dede! Safari hii nimejitahidi, amekaa sawa kabisa."

Miguu yote upande mmoja. Mkia shingoni.

Nikamwambia ni mzuri sana, na nilisema kweli. Lakini wagonjwa wa Lira wenye vidonda vya kushonwa, Mungu awasaidie.