Salome Hajaulizwa

Salome binti Makoye hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Miaka kumi na miwili aliuza chakula machimboni Nyarugusu, akiwapakulia watu waliotoka shimoni na vumbi hadi kwenye kope, na hakuna mlevi aliyewahi kumpandishia sauti mara mbili. Siku alipopigiwa simu kwamba baba yake, mzee Makoye, haonekani tangu asubuhi, alimwachia shoga yake Asteria masufuria na wateja, akapanda basi la Shinyanga. Alikuwa mjane na wanawe walikuwa wamekwisha kujitegemea, kwa hiyo aliaga kwamba anakwenda wiki moja tu. Wiki hiyo sasa ilikuwa na mwaka wa tatu.

Mzee walimkuta Ibadakuli, kwenye uzio wa uwanja wa ndege, akigombana na mlinzi. Alidai kuna mtu asiye na adabu ameziba njia ya ng'ombe. Na kusema kweli njia ilikuwepo pale, ila zamani, Salome hajazaliwa. Daktari aliwaeleza kuwa ni ugonjwa wa kusahau, kwamba ubongo unachakaa na dawa ya kuurudisha hakuna, na kilichobaki ni kumtunza vizuri.

Watu waliotangulia kusahauliwa ni watoto wake. Mwanzoni Salome alishindana naye. "Baba, ni mimi, Salome," alimwambia, na mzee akawaka: Salome yuko shuleni, sasa huyu mama mtu mzima anajiita Salome ana nia gani hapa nyumbani? Siku ile Salome alilia nyuma ya jiko, akapenga kamasi, akaacha ubishi. Tangu hapo akawa mama wa maziwa, mgeni wa kuja kukamua tu. Kila asubuhi alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa anatokea wapi. Siku nyingine alitokea Chato, siku nyingine Biharamulo, kutegemea ameamkaje.

Lakini ng'ombe wake kumi na mmoja mzee hakuwasahau. Aliyekuwa hakumbuki kama amekula, akishaweka kiganja kwenye mgongo wa ng'ombe mikono iliacha kutetemeka, akaanza kutaja nani kazaliwa na nani, mwaka gani wa ukame, dume la nani. Aligundua mwiba kwenye kwato kabla ya mchungaji. Na ng'ombe nao walimjua. Yule mwekundu, mwenye tabia ya kumpiga teke kila amkaribiaye, akimwona mzee hutulia na kumwekea kidevu begani. Salome hakuhitaji kufundishwa mara mbili. Kiti, uji, maji ya kuoga, vyote alivihamishia karibu na zizi. Mzee aliyegoma kuoga ndani kwa siku nne, akiambiwa ng'ombe wanamsubiri alivua shati mwenyewe.

Tatizo lilikuwa Fredy, kaka yake, mnunuzi wa dhahabu mjini Geita. Fredy hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Kwa maoni yake, ng'ombe ndio waliomfanya mzee azurure. Wakiuzwa, mzee atatulia kwenye nyumba nzuri yenye ukuta na geti. Salome alimkumbusha kwamba walishajaribu. Wakati wa Pasaka mzee alikaa Geita wiki mbili, na kila jioni alikuwa akiligonga geti kwa ndani, akiomba afunguliwe akawarudishe ng'ombe. Alirudi amekonda, suruali inamvuka. Fredy alisema hiyo ni kwa sababu alijua ng'ombe bado wapo. Lori alikwisha kuliagiza, lingefika Jumamosi.

Ila hata Fredy hakuthubutu kufungua zizi la baba aliye hai bila neno la baba mwenyewe. Akamwita baba mdogo Benjamini, mdogo wake mzee, aje awe shahidi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: siku hizi mzee anaitikia kila kitu.

Walikaa asubuhi ya Ijumaa. Salome alieleza bila kubabaika kwamba mzee anakula, analala, na tangu yeye afike hajapotea hata siku moja. Fredy akasubiri amalize. "Dada, hajui hata wewe ni nani," alisema. "Unampigania nani?" Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli. Salome akachukua ndoo yake ya kukamulia, akainuka.

Wakaenda zizini. Asubuhi hiyo mzee alikuwa amekwisha kuitikia ndiyo kwa kila alichoulizwa: chai, koti, kofia. Fredy, kama mfanyabiashara yeyote, alianza na ng'ombe aliyenona, naye ni yule mwekundu.

"Baba, tunaomba ruhusa yako tuwauze hawa. Tuanze na huyu."

Mzee hakuitikia. Alimpapasa ng'ombe shingoni, akamgeukia Fredy kama hakimu.

"Huyu si wangu," alisema.

Katika boma lile, ng'ombe walioletwa kwa mahari ya binti walihesabiwa kwa jina lake, wao na uzao wao, na hakuna aliyetolewa bila mwenyewe kuulizwa. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole. Bibi yake huyu ng'ombe aliletwa na wakwe siku Salome alipoolewa. Akamzaa yule wa madoa, wa madoa akamzaa huyu. Akaonyesha na wengine sita, mmoja mmoja, wala hakukosea.

"Siwezi kuwatoa. Salome hajaulizwa."

Fredy akawahi kumwambia baba yake: Salome si ndiye huyu hapa? Mzee alimtazama binti yake kwa upole, akasema huyu ni mama wa maziwa. Aitwe Salome mwenyewe, aulizwe.

Salome aliona njia mbili. Angeweza kulia tena, kama nyuma ya jiko, au kubaki mama wa maziwa. Aliweka ndoo chini.

"Mzee, mimi natokea kwa Salome," alisema. "Amekataa."

"Amekataa kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Basi yameisha," mzee alimwambia Fredy, kwa sauti ileile iliyowalea wote. Baba mdogo Benjamini akatamka kwamba neno limesemwa na yeye amelisikia. Fredy akatoa simu kumwambia mwenye lori asije, maana kwa wanne waliobaki safari isingelipa. Salome hakumwacha aondoke hivihivi; alimpangia kila baada ya wiki mbili aje alale pale siku mbili, amsaidie kumwogesha mzee. Fredy akakubali, tena bila kinyongo.

Walipoondoka, mzee alimvuta Salome pembeni, akainamisha kichwa kama mtu mwenye siri.

"Huyo Salome hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie ng'ombe wake nawaangalia kila siku. Asije akadhani nimemtupa."

Salome alijaa furaha na uchungu kwa pamoja, hata hakujua lipi limetangulia. "Nitamwambia, baba," alisema. Kisha akaokota ndoo, akachuchumaa kukamua, maana ndama alikuwa ameshaanza kulia.