Aliyenitangulia

Mkaguzi wa hataza, hati ya kulinda uvumbuzi, hufanya kazi kama mama anayechambua mchele wa Mwea: polepole, na jiwe halimpiti. Kwa kifaa nilichokibuni hapa kibandani kwangu mtaani Skuta, anakata uzi wa kioo unaopitisha intaneti, anaikagua ncha yake kwa lenzi, halafu ananasa kibanzi kwa selotepu kabla ya kugusa chai. Anakata tena. Hasifu wala hakosoi. Anaguna tu, na kila anapoguna roho yangu inaruka. Kazi yake ni kutafuta kama kuna mtu duniani aliyenitangulia kubuni kifaa hiki, na mara nyingi mtu huyo humpata. Sasa amevua miwani, anaifuta kwa leso, anacheka kidogo.

“Fundi, huyo mtu nimemtafuta kila mahali,” anasema. “Hayuko.”