Samaki wa Sita

Sijawahi kuvua samaki hata mmoja maishani mwangu. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitokana na mimi kulinyamazia. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Mombasa, na bahari kwangu ilikuwa kitu cha kupita kando yake nikienda chuoni. Lakini nilipofika Nakuru, miaka ile ya hamsini, kuandika meza katika hoteli ya Wazungu, watu waliniita mtu wa pwani. Nikaona ni sifa, nikaivaa.

Siku moja mwenye hoteli alirudi kutoka likizo Mombasa na wazimu mpya. Alitaka samaki wa bahari, wazima, ndani ya tangi la kioo kwenye ukumbi wa chakula, karibu na meko, ili walima ngano wanaoteremka kutoka Mau Narok wapate cha kutazama wakingoja supu. Tangi likaja. Maji ya bahari yakaja kwa treni ndani ya mapipa, na wapagazi wa stesheni wakacheka mpaka wakakaa chini. Tulimimina madebe kumi na mawili juu ya mchanga na mawe, tukawasha kimashine cha umeme cha kupuliza hewa. Kisha mwenyewe akaniita.

"Wewe mtu ya pwani," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Samaki ngapi iko sawa hapa? Kitabu nasema tano."

Akanieleza kitabu kilivyosema. Kila samaki ana haja ya maji yake na hewa yake, na kila mmoja huyachafua maji kwa kinyesi chake. Wakizidi, wanatiliana sumu. Ningeweza kusema tano nikarudi jikoni. Badala yake nilikunja uso, nikazunguka tangi mara mbili, nikigusa kioo kama fundi.

Ukweli ni kwamba sikuwa napima maji. Nilikuwa nawaza kwangu. Katika chumba chetu kimoja pale mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe. Mke wangu alipika kama alivyopika mama yangu, kikopo kimoja cha mchele kwa kila mtu, kisha kikopo kimoja cha mgeni. Hakuna aliyealikwa. Kilipikwa tu, kwa sababu mtu anaweza kutokea, na ni aibu akute sufuria imepimwa kwa wenye nyumba peke yao. Sikuwa nimewahi kuishi mahali palipohesabiwa kwa namna nyingine.

"Sita," nikasema.

Akacheka. "Sita, basi. Lakini ikikufa, shauri yako."

Walikuja mmoja mmoja, kila baada ya siku chache, wakisafiri kwa treni ndani ya makopo makubwa. Wa sita alikuwa mdogo, mwenye mkia wa manjano, na alikaa nyuma ya jiwe kana kwamba anaomba radhi kwa kuja. Kwa siri nilimwita mgeni. Niliwapenda samaki wale, nakiri, na nilipenda zaidi kuonekana nikiwatunza.

Ukumbi ule ulikuwa mkavu na moto wa meko uliwaka tangu asubuhi, basi maji yalikuwa yakipungua. Kila siku mbili nilijaza upya kutoka kwenye mapipa ya maji ya bahari yaliyokuwa uani. Mpishi aliniuliza kwa nini nisitumie ya bomba, nikamkaripia mbele ya watu. "Samaki wa bahari umtilie maji ya bomba? Unataka kumwua?" Kila asubuhi nilikuta mstari mweupe wa chumvi juu ya kioo, nikaufuta kwa kitambaa mpaka kioo kikang'aa.

Baada ya wiki kadhaa walianza kupanda juu, midomo wazi. Wakaacha kula. Maji yakaingia ukungu, na kwa siku mbili wakaelea wote, mmoja baada ya mwingine. Yule mgeni alikuwa wa mwisho. Niliwatoa kwa upawa wa supu wageni wakiwa kwenye kifungua kinywa, na mama mmoja wa Kizungu akasogeza sahani yake.

Mwenye hoteli hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisimama mikono mfukoni, akatazama mchanga mtupu, akasema taratibu, "Moja nazidi. Nyinyi watu hapana jua kusema imejaa."

Maneno yale yalinichoma. Niliyabeba nyumbani, nikayarudia njiani, na nikaanza kuyaamini. Nilijiona mjinga wa kutoka kwa wajinga, watu wanaopika chakula cha mtu asiyekuwepo.

Haikupita muda mrefu zikaanza zile siku za malori. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwashuku Wakikuyu wote kwa uasi, nao walikuwa wakikusanywa mjini na mashambani, wakikaguliwa vipande vyao vya kitambulisho, wakipakiwa kurudishwa kwao, hata waliozaliwa huku Nakuru. Alasiri moja nikasikia hodi. Alikuwa mama aliyefua mashuka ya hotelini, Mkikuyu, mtu wa kusalimiana naye kila siku. Alikuwa amemshika mkono binti yake wa miaka minne au mitano.

"Wametuita kituo cha polisi, watu yote ya kwetu," akasema. "Wengine wamepandishwa lori tangu asubuhi. Mimi nitaenda, siwezi kataa. Lakini huyu akae na nyinyi siku mbili tatu, nikirudi nimchukue. Hakuli mingi huyu."

Mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati. Mama yake alikuwa amefikiria hata hilo, kwamba tusije tukapungukiwa vikombe. Nyuma yangu nilisikia mke wangu akitoa sahani rafuni. Hakuwa amengoja nijibu.

"Mama," nikasema, "tumejaa. Tuko watano hapa, na chumba ni hiki kimoja tu."

Alichungulia juu ya bega langu, akatutazama ndani mmoja mmoja. Kisha akasema, "Sawa, baba. Asante." Akamwinua mtoto, akaondoka.

Sitajidanganya. Niliogopa pia. Kila mtu aliogopa kuonekana karibu nao. Lakini hofu ilikuwa inatafuta maneno ya heshima ya kutokea, na tangi lilikuwa limeshanipa. Niliyasema kwa sauti ya mtu aliyeelimika. Nilijiona nimekuwa na akili.

Hotelini akaja mfuaji mwingine. Niliuliza sokoni, kwa kuzunguka-zunguka, nikaambiwa lori lake liliteremka Naivasha likapitia Mai Mahiu. Mwingine akasema hakuvuka kituo cha polisi. Juu ya mtoto hakuna aliyejua lolote. Mpaka leo nikikutana na mwanamke mgeni mjini humhesabia miaka, na wakati mwingine hesabu inakubali, nami hupita upande wa pili wa barabara.

Mke wangu hakunigombeza. Aliendelea kupima mchele kama kawaida: vikopo vitano, kisha cha sita. Akishachota cha sita alikuwa akitazama mlango kidogo, halafu akakirudisha ndani ya debe. Kila siku. Nilijifunza kutoka nje kabla hajafika cha tano.

Miaka michache baadaye nilikwenda Mombasa kumzika kaka yangu, na matangani nikakaa karibu na mtu aliyekuwa akiwapakia samaki wazima kwenye treni. Alilikumbuka tangi letu, maana lilipitia mikononi mwake. Nikamwambia walikufa, walizidi mmoja.

"Ulikuwa unajaza maji gani?" akauliza.

"Ya bahari. Ningejaza gani tena?"

Akajipiga paja. "Lo! Ndugu yangu, maji hukauka, chumvi haikauki. Kila ukiongeza ya bahari unaongeza chumvi juu ya chumvi. Ungewatilia maji matamu tu, ya mvua hata ya bomba. Sita? Tangi lile lingewachukua sita bila shida."

Nikaukumbuka ule mstari mweupe. Nilikuwa nikiufuta kila asubuhi kwa mkono wangu mwenyewe, na nikijisifu.

Katika treni ya kurudi nilipanga nitakavyosema, tangu Voi mpaka Nakuru. Nilimkuta mke wangu amekaa kwenye kigoda, debe la mchele mbele yake, na safari hii sikutoka nje.

"Wale samaki hawakufa kwa wingi wao," nikamwambia. "Nafasi ilikuwepo. Sita walikuwa wanaenea."

Alikuwa ameshachota vitano. Akachota cha sita, akakishika mkononi bila kuniangalia.

"Na yule mtoto?" akauliza.

Akatazama mlango kidogo, kisha nikasikia mchele ukirudi ndani ya debe.