Mayai ya Bibi na Ulimi wa Athumani

Nilipokuwa mtoto, kwetu Msambweni upande wa ndani, yai halikuwa chakula cha mtoto. Lilikuwa la kuuza, na likisalia, la mgeni. Kuku wa Bibi walitaga, mchuuzi akaja na baiskeli yake, mayai yakaenda Diani na Galu kuliwa na wageni wa mahoteli, nasi tukarudi kwenye ugali wetu na mboga chungu ya mchunga. Tuliambiwa kwamba mtoto akila yai kabla hajajua kusema, ulimi wake hufungwa, asiseme maisha. Na akilila akiwa keshajua kusema, huwa mwizi. Kwa hivyo hapakuwa na umri wa utoto ambao yai lilifaa. Hilo nimeliona ukubwani. Wakati ule niliamini tu, kama nilivyoamini kwamba jua litakuchwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa akikata miwa Ramisi, na nyumbani alikuja mara moja moja, siku ya Ijumaa. Tuliobaki tulikuwa wanne: Bibi mzaa baba, mama yangu ambaye kwao ni Kinango, mimi, na mdogo wangu Athumani wa miaka miwili. Athumani alikuwa mgonjwa. Miguu ilimvimba, hata ukiibonyeza kwa kidole kinabaki kishimo. Tumbo lilimtoka, nywele zikawa rangi ya kutu, na neno hata moja hakuwa amelitamka. Asubuhi alikula uji wa mahindi, jioni uji wa mahindi. Samaki akipatikana, minofu ilikuwa ya Baba au ya mgeni. Sisi tulichovya mchuzi.

Lakini kisimani hakuna aliyetaja uji. Walitaja chirwa. Kwetu chirwa ni maradhi ya kukonda na kuvimba yanayompata mtoto ambaye mzazi wake ametoka nje ya ndoa. Baba hakusemwa. Aliyesemwa ni mama, kwa kuwa ndiye aliyetoka mbali.

"Mume yuko Ramisi, mtoto anavimba nyumbani," alisema mwanamke mmoja huku akivuta kamba. "Basi mtu aambiwe nini tena?"

Nami nimesimama hapo hapo na ndoo yangu. Tangu siku hiyo mama akawa haendi kisimani, akanituma mimi. Bibi naye akamwambia, bila hata kupandisha sauti: "Mkaza mwanangu, mwanangu akija Ijumaa ya mwisho ya Shaabani nitamweleza yalivyo. Kama ni kurudi kwenu, utarudi."

Mama alijibu, "Naam, mama," akaendelea kukoroga uji.

Sasa niseme lililo langu. Mwanzoni mwa Rajabu, nikipika mihogo peke yangu, niliiba yai bandani nikalitumbukiza kwenye sufuria. Nilitaka kujua wale wa Galu wanakula nini. Nikalila lote nyuma ya jiko, moto moto, likaniunguza ulimi. La pili pia nililila. La tatu Athumani alikuwa ameketi karibu yangu, akanikazia macho, na nikaona akilia Bibi atatoka. Nikamtia kipande kinywani ili anyamaze. Ndivyo ilivyoanza. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma, lakini Mwenyezi Mungu anajua, nami naogopa kuandika uongo.

Alikula kile kipande akafunga macho. Kesho yake alinifuata jikoni kwa kusota. Kutoka siku hiyo sikuweza tena kumnyima, nikawa nampa nusu, kisha lote. "Yai hili," nilikuwa nikimnong'oneza. "Yai. Usimwambie mtu." Kana kwamba alikuwa na la kusema. Maganda niliyafukia nyuma ya choo, na kila usiku nilijilaza nikiwaza kwamba mimi ndiye ninayemfunga ulimi. Nikaweka nia ya kuacha, na asubuhi akaja tena kwa kusota, akapanua kinywa.

Wiki zikapita. Miguu yake ikaanza kunywea. Bibi alimshukuru Mungu, akasema ni kombe, kwa kuwa kila Ijumaa alimnywesha maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani. Dua siikatai. Lakini Bibi alikuwa ameona na jambo jingine.

"Mayai yangu yanapungua," alisema.

"Pengine ni kenge, Bibi," nikasema mimi.

"Kenge hafungi mlango wa banda akitoka."

Akamtazama mama. Mama akainamisha kichwa, nami nikamwachia hilo nalo alibebe. Hii ndiyo dhambi yangu kubwa katika habari hii, kuliko mayai yenyewe. Bibi akasema siku Baba atakayokuja, Maalim wa chuo cha Kurani ataitwa aje asome Halbadiri, na aliyeiba tumbo litamvimba mbele ya watu.

Ijumaa ile, baada ya swala, mkeka ulitandikwa uani. Ubani ukafukizwa. Baba aliketi na nguo zake za Ramisi. Mama alikuwa mlangoni, Athumani mapajani mwake, na fundo la nguo zake lilikuwa limekwisha kufungwa ndani. Nililiona.

"Kabla sijafungua kitabu," alisema Maalim, "aliyechukua na ajitokeze. Toba haijafungwa."

Mimi nilikuwa nimejishika tumbo kwa mikono miwili nikisikiliza kama limeanza. Bibi akaweka sahani mbele ya Maalim, juu yake mayai mawili. "Haya ndiyo aliyonisazia," akasema.

Athumani akateleza kutoka mapajani mwa mama. Akasimama. Akaja kwa miguu yake, hatua tatu, nne, yule aliyekuwa akisota, akaweka kidole juu ya yai.

"Yai," akasema.

Bibi akauliza taratibu, "Amesema nini huyu?"

"Yai." Safari hii kwa sauti. Kisha akageuka, akanitafuta mimi kati ya watu wote, akapanua kinywa.

Maalim akafunga kitabu chake. "Shahidi ameshasema," akasema. "Mimi kazi yangu imekwisha." Baba akacheka kicheko ambacho hakuweza kukizuia, nami nikaangua kilio.

"Tangu lini?" Bibi aliniuliza.

"Tangu Rajabu, Bibi. Nisamehe. Mama hajui kitu."

Alimvuta Athumani, akamshika mguu, akaubonyeza kwa dole gumba. Akaliondoa, akatazama. Hapakubaki shimo. Kisha akachukua ile sahani akampa mama.

"Mkaza mwanangu," akasema, "teleka maji."

Kesho yake Baba alimpeleka mtoto zahanati. Muuguzi akampima, akasema mayai yasikatizwe, na kunde na samaki viongezwe. Lakini Bibi hakungoja kusikia hayo. Asubuhi na mapema alikuwa amembeba Athumani kiunoni, akamwambia mama achukue ndoo, tukaenda kisimani sote. Wanawake wakaamkia. Bibi akaitikia, akamtua mtoto katikati yao.

"Msemesheni," akasema. "Mlikuwa mnamsema, sasa msemesheni. Chirwa haiponi kwa yai. Mtoto wetu alikuwa na njaa, na mayai nilikuwa nayo mimi."

Yule aliyekuwa akivuta kamba siku ile akajaribu kucheka. "Na wizi je, mwenzangu? Si atakuwa mwizi huyo?"

"Mwizi ni dada yake," alisema Bibi, na mkono wake ukanishika kichwa. "Naye hakula hata moja."

Nikanyamaza. Mama akateka maji yake mbele ya wote, uso juu, na tangu siku ile mayai ya banda letu yalianza kwa Athumani, kisha ndipo mchuuzi. Mfungo ulipokwisha, nikaona nyumba mbili tatu za jirani nazo moshi wa asubuhi unanukia mayai.

Bibi amekwenda mbele ya haki, Mungu amrehemu, na sikumwambia kwamba mayai mawili ya kwanza na kipande kikubwa cha la tatu viliingia tumboni mwangu. Nimewahi kusifiwa kwa habari hii, nami nimezipokea sifa. Leo nimeandika. Yeye Mola aliuchukua ulafi wa mtoto akaufanya riziki ya mwenzake, wala hakunishauri.

Na ule ulimi tulioogopa utafungwa, ndio unaoadhini msikitini kwetu. Adhuhuri ikifika Athumani hahitaji sana kipaza sauti. Mama, ambaye sasa ni mtu mzima sana, huweka chini ungo wa kunde anazozichagua, akainua uso, akaitikia neno kwa neno mpaka mwisho.