Maboga ya Kunyooshewa Kidole

Kwetu huku mtoto hanyooshei kidole boga changa. Litaoza. Akisahau akanyoosha, aking'ate upesi kidole chake. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hilo nalijua tangu sijaota meno yote, na sikuona mtu wa kunibishia mpaka mjukuu wangu alipoingia darasa la pili.

"Unajuaje, Bibi?" akaniuliza, tumeinama shambani nyuma ya nyumba.

"Najua kwa kuwa najua."

"Mwalimu wetu anasema tuangalie kwanza."

Mdomo huo! Akaomba kitenge changu chakavu, nilichonunua sokoni Mwanjelwa enzi hizo, akakichana. Kila boga alilolinyooshea kidole akalifunga kitambaa kwenye kikonyo, mengine akayaacha. Nikamwambia akiniozeshea chakula tutakula hivyo vidole vyake. Akacheka. Moyoni nikajivuna: katoto haka ni ka binti yangu.

Maboga hayajakomaa, mama yake akapata kazi Iringa, akaja kumchukua. Nikabaki mimi na redio. Ugali bado nasonga mwingi kwa mazoea, halafu namwagia kuku.

Ila Jumapili simu inalia. Hali yangu haulizi. "Bibi, maboga?"

"Mazima," nikamjibu siku moja, niko kitandani, baridi ya Mbeya imenibana magoti.

"Umeenda kuangalia, au unasema tu?"

Nikajifunga shuka, nikatoka na simu sikioni. Yenye vitambaa yote mazima, manene kama matumbo ya wenye nazo. Lililooza ni moja, tena halina kitambaa. Nikaligeuza. Chini limetobolewa, funza wamejaa.

"Kumbe ni funza, Bibi, siyo kidole!" akapiga kelele. "Basi, tumemaliza."

Tukimaliza, Jumapili atanipigia kwa lipi? Huko ana wenzake wa kucheza nao. Nikatazama shamba lote, hata mbwa hapiti.

"Hatujamaliza, mke mwenzangu," nikasema. "Haya ni ya mwaka mmoja. Ya mwakani unayajuaje?"

"Kweli, Bibi," akasema taratibu. "Basi weka mbegu. Usizichanganye."

Sasa ziko juani kwenye nyungo mbili, za vitambaa huku, zisizo na vitambaa kule. Nimekaa hapa na fimbo nafukuza kuku, maana hakuna mwingine wa kuwafukuza.